Dakika Thelathini na Nne

Kijiji kizima cha Rhotia, ukitaka kitu kikae salama, mpelekee Selestina. Masufuria ya jumuiya yako kwake, pamoja na sahani za misiba na harusi, na hajawahi kurudisha pungufu hata kijiko. Padri akisafiri, funguo za sakristia humwachia yeye badala ya katekista, na katekista analijua hilo na limemkaa rohoni mpaka leo. Vikombe alivyozawadiwa siku ya harusi yake vimefungwa bado kwenye magazeti yaleyale ya siku ile. Mumewe Yohani aliishi, akazeeka, akafa, na hakuwahi kunywa chai hata mara moja kwenye kikombe chake cha harusi.

Habari za mtu mbaya ni rahisi kusimulia. Huyu ni mtu mwema, na kosa lake alilifanya kwa wema uleule unaomfanya apewe masufuria.

Mjukuu wake Eva alikuwa na mwaka mmoja na nusu alipopata homa ya uti wa mgongo. Alipona, akarudi nyumbani amekonda macho yamemtoka, akaanza upya kujifunza kutembea, na ilikuwa wiki ya tatu ndipo walipogundua kuwa hageuki akiitwa. Mama yake, Leonida, ni binti pekee wa Selestina. Anafanya kazi ya kutandika vitanda kwenye hoteli moja ya watalii kule juu, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Anakaa kazini wiki sita, anarudi nyumbani siku kumi. Baba wa mtoto alishahamia Babati, ana familia nyingine huko, na habari zake zinaishia hapo. Kwa hiyo Eva alilelewa na bibi yake, akimfuata shambani na kisimani akiwa ameshika pindo la kanga, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine ya kujua bibi anakwenda wapi.

Ni Leonida aliyesikia kwanza kuhusu upasuaji. Alizunguka akiutafuta miaka miwili, Karatu, Arusha, mpaka Dar es Salaam, kwa nauli yake na likizo zake, na parokia ikachangia, na jumuiya ikachangia, na wazungu wawili waliolala hotelini wakachangia. Eva alipotimiza miaka mitatu na nusu akafanyiwa. Waliingiza waya mwembamba ndani kabisa ya sikio, mahali ambapo homa ilikuwa imeharibu, na chini ya ngozi ya kichwa wakaacha sumaku. Kwa nje kuna kifaa kidogo kinachokaa nyuma ya sikio, na kutoka hapo kamba fupi inakwenda kwenye kidude cha duara kinachojishika kichwani kwa ile sumaku. Kikiwa kichwani, mtoto anapata sauti. Kikitoka, anarudi kwenye ukimya wake. Watu wa Rhotia hawakuhangaika na majina ya kitaalamu; wakakiita redio ya Eva.

Siku ya kukiwasha, Eva alishtuka, akalia, akaficha uso kwenye nguo ya mama yake. Leonida naye akalia. Selestina hakulia, alikuwa anamsikiliza daktari. Daktari wa masikio, dada mmoja mdogo mdogo mwenye miwani, alisema mengi siku ile. Alisema mtoto avae tangu anapoamka mpaka anapolala, kwa sababu sauti hii si kama ya sikio la kawaida, ubongo ndio unaojifunza kuielewa, na ubongo wa mtoto hausubiri. Alisema waongee naye wakipika, wakila, wakichambua maharage. Akawapa karatasi za picha za mazoezi. Mwisho kabisa, wakiwa wameshasimama, akasema, "Na mkitunze sana. Kikipotea, kupata kingine ni shughuli."

Katika maneno yote hayo, lililomwingia Selestina na kukaa ni hilo la mwisho. Kutunza alikujua kuliko daktari mwenyewe.

Tuseme haki yake: mwezi wa kwanza alimvalisha kila siku. Waliporudi Dar kurekebishiwa sauti, daktari alifurahi. Kisha ukaja mwezi wa saba, na kupiga maharage. Watu walikuwa wametandaza turubai uani, fimbo zinapanda na kushuka, vumbi hadi kwenye kope, na Eva akikimbia huku na huku kwenye lundo la maganda. Ghafla Selestina akainua macho, akaona kichwa cha mtoto kitupu.

Alisimamisha kazi. Watu sita walipiga magoti wakaanza kupepeta maganda kwa mikono, na yeye katikati yao jasho linamtoka. Aliwaza michango ya jumuiya. Aliwaza miaka miwili ya mwanawe kwenye mabenchi ya hospitali. Walikipata jua linakaribia kuzama, kwenye maganda karibu na mguu wa mbuzi, kizima. Selestina alikifuta kwa kitambaa laini, akakivisha kwenye soksi safi, akafungua sanduku lake la bati, akakiweka kati ya hati ya shamba na kitenge cha harusi, akapiga kufuli. Usiku ule alilala usingizi mzuri.

Tangu siku hiyo kifaa kikawa na maisha kama ya nguo ya sikukuu. Jumapili kilitoka, kwa sababu kanisani watu waliochangia walitaka kukiona. Akija mgeni wa maana, kilitoka. Leonida akiwa nyumbani kwa zile siku zake kumi, kilitoka, ingawa hata hapo Selestina alikuwa mwepesi kusema, "Mpumzishe kidogo, tangu asubuhi anashinda nacho." Na Eva mwenyewe alikuwa hakipendi, kelele asizozizoea zilimjia kwa mkupuo, akakivuta. Leonida akaona kweli mtoto amechoka.

Jumapili mchana, wakirudi kutoka misa, mambo yalikwenda kwa utaratibu uleule. Selestina alikaa kwenye kigoda mbele ya sanduku. Alifungua fundo la kanga kiunoni akatoa funguo zake, za sanduku, za stoo ya masufuria, za sakristia, zikalia. Akainama karibu na kichwa cha mtoto akasema, "Haya, tutunze." Kisha akakivua, au Eva akakivua mwenyewe akamkabidhi, naye akampigapiga kichwani. Alikuwa amejizoesha kusema neno hilo, na wala hakujiuliza linamfikia nani.

Karatasi za mazoezi nazo zilikuwa sandukuni, zimenyooka, hazina hata kunjo.

Kila jioni Leonida alipiga simu kutoka kazini. "Mama shikamoo. Eva amevaa?"

"Marahaba. Amevaa."

Mara ya kwanza alipolisema hilo, alilisema kwa maana ya kwamba Jumapili alivaa. Mara ya pili lilikuwa limeshakuwa jepesi. Baada ya mwezi alikuwa akilisema huku akimenya viazi, bila hata kisu kusimama. Betri alizichaji kila jioni, hakuruka hata siku moja, na hilo akalihesabu kuwa kazi.

Walitakiwa warudi Dar kila baada ya miezi mitatu. Mara likizo ikagoma, mara mvua, mara basi lenyewe. Miezi kumi ikapita. Walipofika hospitali hatimaye, ilikuwa asubuhi, na kwenye benchi la kusubiri walimkuta mtu wanayemfahamu. Sinyati, mama wa Kimasai wa upande wa Endulen, alikuwa amefanyiwa mwanawe upasuaji wiki ileile aliyofanyiwa Eva. Walilala wodi moja. Mtoto wake, Nareyu, anamzidi Eva miezi miwili tu.

"Shikamoo bibi," Sinyati akamwinamia Selestina. "Mmefika salama? Mtoto amekuwa mkubwa!"

Selestina aliitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye kichwa cha Nareyu. Kifaa cha yule mtoto kilikuwa kimekwaruzika mpaka rangi imetoka. Kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya shanga nyekundu na bluu, imeshonewa kwenye utepe wa kichwani, na kwenye ukingo wake kulikuwa na uchafu wa kijani uliokauka. Selestina alijisikia vibaya kama mtu aliyeona sahani ya jumuiya inalambwa na mbwa.

"Mama Nareyu, hiki kimefanywa nini?"

Sinyati akacheka. "Ah, bibi. Kilianguka zizini. Ng'ombe akajisaidia juu yake. Tukatafuta, tukapata, nikafuta, nikamvika. Bado kinasema." Akamgeukia mwanawe akamwambia maneno mawili matatu ya Kimaa, bila kumgusa wala kumwonyesha kidole. Nareyu akaacha alichokuwa anachezea, akaenda kuleta chupa ya maji iliyokuwa mwisho wa benchi, akasema, "Yeyo," yaani mama, kisha akaongeza jambo refu ambalo Sinyati alilijibu huku akifungua chupa, kama watu wanavyojibizana na watoto wao kila siku.

Leonida alikuwa amemkodolea Nareyu macho. Kisha akamtazama Eva, aliyekuwa amevaa kifaa kinachong'aa kama kimetoka dukani jana, ameshika pindo la kanga ya bibi yake, hamwangalii mtu.

"Mama Nareyu," Leonida akauliza polepole, "anavaa saa ngapi kwa siku?"

"Saa? Mimi sihesabu. Akiamka anavaa kabla ya chai. Akilala natoa."

Selestina akajitia kutafuta kitu kwenye mkoba.

Zamu yao ilipofika waliingia kwenye chumba kidogo ambacho sauti ya nje haipiti. Daktari alisifu kwanza usafi wa kifaa. "Bibi, hiki umekitunza kuliko wote," akasema, na Selestina, Mungu amsamehe, akajisikia vizuri kwa nukta mbili. Daktari akakiunganisha na kompyuta. Alipima waya wa ndani, akasema uko sawa kabisa. Akapiga kingoma nyuma ya Eva: kimya. Akatikisa njuga: kimya. Akamwita jina. Eva aliendelea kupanga vibao vya rangi mezani, mgongo umewageukia.

Daktari akarudi kwenye kompyuta, akatazama muda, akavua miwani.

"Mama Eva, mtoto anavaa kila siku?"

"Kila siku," akasema Leonida. "Mama yupo naye. Nikipiga simu kila jioni ananiambia."

"Naomba msikilize, silaumu mtu. Kifaa chenyewe kinaweka kumbukumbu. Kinaandika muda wote ambao kimewashwa na kimeshika kichwani. Tangu mlipoondoka hapa mara ya mwisho, wastani wake ni dakika thelathini na nne kwa siku. Tunataka angalau saa nane, tisa."

Selestina alikuwa hajui. Miezi yote ile alikuwa amekaa na shahidi ndani ya sanduku, amemfunika kwa kitenge.

Angesema wakati ule, hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini Leonida aliwahi.

"Samahani daktari, hiyo kompyuta yenu imekosea." Sauti yake ilikuwa ya adabu. "Humjui mama yangu. Kijiji kizima kinampa vitu atunze. Tangu nizaliwe sijamsikia akisema uongo. Akisema mtoto amevaa, amevaa."

Selestina alitazama mikono yake. Hakuna mtu aliyewahi kumpiga kofi zito kama hilo, na aliyempiga alikuwa anamtetea.

"Sijasema bibi ni mwongo," akasema daktari. "Lakini vipimo ni hivyo."

"Basi ni mimi." Leonida akaanza kulia pale pale, bila kujificha. "Kama anavaa na hasikii, basi ni mimi nililazimisha. Watu waliniambia mwache mtoto, Mungu ndiye aliyetaka. Nikasaini mimi, wakampasua kichwa. Na alipougua sikuwepo, nilikuwa natandika vitanda vya watu. Mtoeni hiki kitu daktari, mpeni mtoto mwingine. Mimi nimemtesa bure."

Daktari akasogeza kiti, akaanza kumweleza kwamba kilicho ndani hakitolewi kupewa mwingine. Selestina hakusikia sawasawa. Aliona bega la mwanawe linavyopanda na kushuka. Leonida alikuwa ameuchukua mzigo wote akajitwika, nao haukuwa wake. Selestina akataka kumpa kitambaa cha kufutia machozi. Kitambaa kilikuwa kwenye fundo la kanga. Akalifungua, na funguo zikalia.

Eva akageuka.

Aligeuka mzima, kichwa na mabega, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Akaacha vibao. Akapeleka mkono nyuma ya sikio, akabandua kile kidude cha duara, akakivua kifaa chote taratibu, akamjia bibi yake, akamkabidhi kwa mikono miwili. Kisha akasimama akisubiri kupigwapigwa kichwani, kama ilivyokuwa kila Jumapili.

"Amesikia!" Daktari aliruka kutoka kwenye kiti. "Mmeona? Amesikia! Bibi, ngoja, tumvalishe tena. Rudia."

Walimvalisha, wakamgeuza, wakampa vibao. Daktari akamfanyia Selestina ishara. Selestina alizitikisa funguo. Eva akageuka, akavua, akaleta kwa mikono miwili.

Daktari alikuwa akicheka kwa furaha, akiandika. Leonida hakucheka. Alizitazama zile funguo, akamtazama mtoto aliyenyoosha mikono, akamtazama mama yake.

"Mama. Kwa nini anakupa wewe?"

Mtu anaweza kudanganya kwa simu miezi tisa, kisu hakisimami. Uso kwa uso, mtoto amesimama katikati na mikono imenyooshwa, ni kitu kingine.

"Nimekuwa nikikifungia," Selestina akasema. "Sandukuni. Jumapili ndiyo namvalisha, na ukiwepo wewe. Kilipotea siku ile ya maharage, Leonida, tukakitafuta kwa magoti, nikaogopa. Nikasema nikitunze. Simu zote zile nilikudanganya. Kompyuta ya daktari haijakosea. Wala hukukosea wewe."

Leonida aliinuka. Alichukua kifaa kutoka mikononi mwa Eva, akamvalisha, akahakikisha kimeshika, akatoka naye nje. Hakumgombeza mama yake. Selestina angelipa chochote agombezwe.

"Bibi," daktari akasema alipobaki naye, "nisikufiche. Hatujachelewa kabisa, na hatukuwahi. Sasa anakaribia miaka minne na nusu. Atasikia, ataongea kiasi, sijui kiasi gani. Ile miezi kumi hairudi. Hii inayokuja ndiyo tuliyo nayo."

Safari ya kurudi Karatu ilichukua siku nzima. Leonida alikaa na Eva dirishani, akawa anamsemesha njia yote, mlima, ng'ombe, lori, mpaka sauti ikamkauka. Selestina alikaa kiti cha nyuma yao. Walipofika Mto wa Mbu basi likasimama, wauza ndizi wakajaa madirishani, Leonida akanunua ndizi nyekundu, akapitisha mbili nyuma bila kugeuka. Selestina alizipokea, akazishika magotini mpaka nyumbani.

Kesho yake Leonida alikuwa arudi kazini. Hoteli hairuhusu watoto, na hakuwa na dada wala mdogo wa kumwachia. Aliinama mlangoni kufunga kamba za viatu, akasema akiwa bado ameinama, "Ningekuwa na mtu mwingine, Mama, ningempa huyo. Sina." Kisha akapanda bodaboda akaenda zake barabarani kusubiri gari.

Selestina alisimama uani mpaka vumbi la pikipiki likatulia. Maneno yale yalimkaa, na alijua ni haki yake yamkae.

Jumatano jumuiya ilisali nyumbani kwa jirani. Baada ya sala Selestina alisimama akawaambia yote, kwa sababu michango ilikuwa yao. Alitegemea lawama. Hakuna aliyemlaumu. "Hata mimi ningekifungia," akasema mmoja. "Mtoto angekivunja," akasema mwingine, "ulifanya la maana." Wakaitikia kwa vichwa, watu wazima kumi na nne, kila mmoja akifikiria vikombe vyake vya harusi. Selestina aliona kwamba msamaha wa watu hawa haumsaidii kitu. Aliweka funguo za stoo ya masufuria mezani, akaomba apewe mwingine. Waligoma mara tatu ndipo wakakubali. Za sakristia alimpelekea padri kesho yake, na katekista, kwa mara ya kwanza miaka mingi, akamsalimia kwa furaha.

Kufuli la sanduku alilitoa akalitupa chooni.

Baada ya hapo kilichobaki ni kazi, na kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani. Eva alifundishwa vizuri mno. Kifaa kikimchosha, alikivua, akakileta kwa mikono miwili, akasubiri asifiwe. Selestina alimrudishia kichwani. Analeta, anarudishiwa. Kuna siku alileta mara ishirini na tatu, na kila mara bibi yake aliona sura ileile ya mtoto mwema anayefanya alichofunzwa, akaomba msamaha kimoyomoyo, akamvalisha. Alimsemesha kutwa nzima mpaka majirani wakasema Selestina amekuwa chiriku uzeeni. Alimtajia maji, moto, jembe, kuku. Karatasi za mazoezi zilibandikwa ukutani jikoni, zikashika moshi na mafuta. Leonida alikuja na kamba ya shanga, nyekundu na bluu. Sinyati alikuwa ameishona akampa dereva mmoja amfikishie hotelini. Mwezi wa saba ulipofika, Eva alicheza kwenye maganda ya maharage na shanga zake kichwani, na Selestina alipiga maharage bila kumwondolea macho, asinyanyue mkono kumvua.

Simu za jioni ziliendelea. "Amevaa?" "Amevaa." Lakini sasa Leonida aliongeza, "Mpe simu." Kisha mwenyewe alipiga makofi, akaita jina, akasikiliza kama kuna pumzi ya mtoto upande wa pili.

Jioni moja mwezi wa tisa, kabla jua halijazama, Selestina alikuwa anachambua mboga mlangoni. Betri zilikuwa zinakaribia kuisha. Eva akamjia. Alikuwa amekivua kifaa kama zamani, amekilaza kwenye viganja viwili na shanga zake. Akamtazama bibi yake usoni, akakunja midomo, na sauti ikamtoka, nzito, isiyonyooka, lakini neno zima.

"Tunza."

Mke wa jirani aliyekuwa anapita alisimama. "Selestina! Ameongea! Eva ameongea!" Akaweka ndoo chini, akapiga kigelegele, akakimbia kuwaita wengine. Wakaja wanawake watatu, wakamzunguka mtoto, wakacheka, wakamkumbatia, na Eva akacheka nao ingawa kichwa chake kilikuwa kitupu na hakusikia hata kigelegele kimoja.

Selestina peke yake alijua neno lile limetoka wapi. Miezi mitano ya maji na moto na jembe na kuku, na mtoto hakutoa hata moja ya hayo. Alitoa neno la sandukuni, lile aliloambiwa Jumapili zote kabla ya kuzimiwa sauti. Alibadilisha betri, akamvalisha, na machozi yakimtiririka hakuyafuta. Wale wanawake walidhani ni ya furaha, nao wakalia kumsaidia.

Simu ikaita kwa wakati wake.

"Mama shikamoo. Eva amevaa?"

"Marahaba. Amevaa. Leonida, leo ameongea."

Upande wa pili kitu kilianguka. "Ameongea? Mama! Kasema nini? Kasema mama?"

Ingekuwa rahisi. Ingekuwa neno moja tu, na Leonida angelala na furaha juu kule kwenye baridi, na hakuna kompyuta ambayo ingeandika. Selestina alimtazama mtoto aliyekuwa anachezea shanga magotini pake.

"Hapana, mwanangu. Amesema tunza. Ni neno langu, lile nililokuwa namwambia nikikifungia. Ndilo alilolishika."

Selestina alisikia upepo wa kreta kwenye simu, na mtu akiburuta ndoo mahali fulani.

"Mwekee simu sikioni," Leonida akasema mwishowe. "Aseme tena, nisikie."